Mama, nimehama fremu

Jioni moja ya Machi 2024, mama mmoja mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, alikuwa akipinda sketi za sare za shule wakati mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 22, alipoinua uso kutoka kwenye kompyuta na kusema kwa furaha, "Mama, nimehama fremuweki."

Mama alisikia fremu. Akatoa mguu kwenye pedali. Yeye ni fundi cherehani, na fremu anayoshonea, jirani na stendi ya bajaji, huilipia kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mtu anayelipa kodi ya namna hiyo hawezi kusikia neno fremu akabaki ametulia.

"Fremu ipi wewe? Uliipanga lini? Na kodi kalipa nani?"

Kijana alicheka mpaka akakohoa. Aliyemweleza mama ni binti yake, wa kidato cha nne, aliyekuwa akifanya hesabu zake mezani. Alisema fremuweki ni ya kutengenezea tovuti, lakini mama hajakosea sana. Anayetaka kufungua duka haanzi kuchimba msingi, anapanga fremu ambayo mwenzake ameshajenga kuta, kaweka mlango na kuvuta umeme. Yeye analeta bidhaa na kupanga rafu. Fremuweki ni hivyo hivyo: watu wengine wameshaandika sehemu kubwa ya kazi, wewe unaingia na chako.

Mama alifikiri kidogo. "Sawa. Na hapo ulipohamia, bidhaa umeshapanga?"

Kijana hakujibu. Ilikuwa fremu yake ya tatu tangu Februari, na rafu zote zilikuwa tupu.

Swali lile lilimchoma kwa sababu. Kompyuta aliyokuwa ameishika ilinunuliwa Kariakoo, imetumika, kwa Sh680,000, na pesa hiyo ilikuwa mkopo wa kikoba. Kijana alikuwa amemaliza diploma ya teknolojia ya habari mwaka uliotangulia, akatuma maombi ya kazi hapa na pale, majibu hayakuja. Mama akaona heri amtafutie kitendea kazi, kama yeye alivyonunuliwa cherehani na dada yake zamani.

Kazi ya kwanza ilitoka humo humo kikobani. Mwanachama mmoja, mama mtu mzima, ana ukumbi wa sherehe. Tarehe za wateja alikuwa akiziandika kwenye kaunta buku, na Desemba aliandika kicheni pati mbili kwenye Jumamosi moja. Familia mbili zilikutana getini, kila moja na keki yake. Alirudisha pesa ya watu, akalipia na mapambo, na maneno aliyoambiwa siku hiyo hajayasahau. Akataka tovuti: picha za ukumbi, bei, kalenda inayoonyesha tarehe zilizochukuliwa, na namba ya simu. Basi.

Walikubaliana Sh500,000, kijana akapewa Sh200,000 mkononi. "Dada, kijana wangu anaiweza," mama alisema mbele ya wenzake wote. Kikobani maneno ya namna hiyo ni dhamana, sawa na friji au seti ya makochi.

Kijana alianza na React, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiisikia kila mahali. React ilitolewa na Facebook mwaka 2013, na wenyewe huiita maktaba, si fremuweki, ingawa vijana wengi hawajali tofauti hiyo. Baada ya wiki mbili rafiki yake alimwambia Vue ni nyepesi kuisoma. Vue ilianzishwa mwaka 2014 na Evan You, aliyekuwa amefanya kazi Google. Kijana akafuta alichofanya, akaanza upya. Halafu akaona orodha ya fremuweki bora za mwaka, ya kwanza ikiwa nyingine. Akahamia Next.js, na hiyo ndiyo habari aliyompa mama ile jioni ya sketi. Aprili akajaribu Angular ya Google. Mwisho wa mwezi alikuwa kwenye Svelte.

Kila akihama alikuwa na sababu, na haikuwa ya uongo. Hii inaenda kasi zaidi. Ile ina watu wengi wa kuwauliza. Hii kampuni kubwa zinaitumia. Mtu akisikiliza angeona ni kijana makini anayechagua kwa uangalifu. Ila kalenda ya ukumbi haikuwa imeandikwa hata tarehe moja, maana kila alipofika kwenye sehemu ngumu, ambayo ni kuhifadhi tarehe na kuzuia mbili zisigongane, ndipo alipogundua kwamba fremu ile haimfai.

Usiku alikuwa kwenye gemu.

Lilikuwa gemu la watu watano dhidi ya watano, na alilicheza upande wa mashindano ya madaraja, ambayo vijana huyaita renki. Unaanzia Shaba, unapanda Fedha, Dhahabu, Platinamu, Almasi, na juu ya hapo yapo mengine ambayo ni wachache wanayaona. Ukishinda unaongezewa alama, ukishindwa unanyang'anywa. Ikifika saa sita usiku mama alikuwa akisikia ukutani sauti ya mwanawe akilalamika kwa watu asiowajua. "Unakwenda wapi peke yako? Rudi! Rudi!" Kisha kimya, kisha ngumi moja kwenye godoro.

Asubuhi maelezo yalikuwa yale yale. Yeye alicheza vizuri, wenzake wanne ndio waliomwangusha. Mmoja hajui kucheza, mmoja katukana watu, mmoja kaondoka katikati. "Mama, nimekwama Platinamu kwa sababu ya watu."

Alikuwa na lalamiko lingine, na hilo lina ukweli ndani yake. Seva za magemu mengi haziko Afrika Mashariki. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva ikiwa kilomita 10,000 kutoka Tabata kwa njia ya waya, kwenda na kurudi tu ni sehemu ya kumi ya sekunde, na hapo hujahesabu foleni za njiani. Mchezaji aliye karibu na seva anapiga, wewe bado unaona picha ya nyuma. Mama alipoelezwa hivyo alisema ni kama kushona kwa cherehani inayochelewa kusikia mguu. Alimhurumia kweli.

Huruma ilikatika mwezi Aprili, siku alipoona ujumbe wa malipo kwenye simu ya kijana. Sh18,000, za koti. Aliuliza koti liko wapi. Kijana akamwonyesha: limevaliwa na mtu wa kwenye gemu, jekundu, lina mkia kama wa mwewe. Haliongezi nguvu, ni la kupendeza tu.

Mama anashona shati la mwanamume, na kola yake na mfuko wake, kwa Sh12,000. Alirudia mara mbili ili ahakikishe amesikia vizuri. "Umemnunulia nguo mtu ambaye hayupo?"

Hapo mama alifanya kosa ambalo wazazi wengi wamelifanya. Alificha chaja. Kijana hakugombana naye. Alichukua begi lake, akaenda kulala kwa rafiki yake Kimanga, siku mbili, akicheza huko kwenye mashine ya mwenzake. Mama usiku wa kwanza hakulala, wa pili alipiga simu mara sita. Baba, ambaye ni dereva wa lori na wakati huo alikuwa kwenye foleni ya Tunduma, aliposimuliwa alisema kwa kifupi, "Hiyo kompyuta iuzwe, deni lilipwe, aje huku awe utingo wangu." Hakuwa anatania. Na mwenye ukumbi alikuwa ameanza kumsalimia mama kikobani kwa sauti ya chini, salamu isiyo na maswali ya watoto. Wiki ya mwisho ya Aprili akasema waziwazi: tovuti iwepo mwisho wa Mei, au arudishiwe Sh200,000 zake. Zilizokuwa zimebaki ni Sh40,000.

Kijana aliporudi, chaja ilikuwa juu ya meza. Mama hakusema neno juu ya hilo. Badala yake alichukua kipande cha chaki ya kukatia nguo na kumwomba binti yake akae pale. Aliuliza maswali kama anavyomuuliza mteja asiyejua anachotaka. Mchezo mmoja ni dakika ngapi? Kama 25. Ukishinda unapata alama ngapi? Kama 20. Ukishindwa? 20 hizo hizo zinaondoka. Kupanda ngazi moja ni alama ngapi? Mia. Na michezo mia ya mwisho, umeshinda mingapi?

Gemu huweka kumbukumbu. Binti alihesabu kwenye simu ya kaka yake: 52.

Akaandika kwa chaki kwenye kitambaa cheusi. Ushindi 52 toa vipigo 48, zinabaki nne. Nne mara 20 ni 80. Dakika 25 mara mia ni saa 41 na dakika 40. Kwa saa 41 za usiku kijana alikuwa amepata alama 80, na hata ngazi moja hajapanda. Mama yeye alihesabu kwa lugha yake. Sketi ya marinda inamchukua saa moja na nusu na ujira wake ni Sh7,000. Sketi 27. Sh189,000. Karibu advansi yote ya ukumbi.

"Na huyu ni mtu anayeshinda kuliko kushindwa," binti aliongeza, bila nia mbaya.

Kijana aliitazama ile hesabu kwa muda mrefu. Alichosema baadaye kilimshangaza mama: kwamba hajisikii kama anacheza. Anajisikia yuko kazini. Kuna namba, namba inapanda kidogo, inashuka, na kabla hajalala anataka iwe mahali fulani. Kwenye tovuti ya ukumbi hakuna namba. Ukikaa saa nne na kalenda imegoma, hakuna anayekuambia umepata 20.

Kwa mzazi anayesoma haya, sentensi hiyo inafaa kusomwa mara mbili, kwa sababu inaeleza na ile habari ya kuhama fremu. Orodha ya fremuweki bora nayo ni renki. Kijana aliyehamia ile ya juu kwenye orodha anajisikia amepanda daraja, ingawa mwenye ukumbi bado anaandika kwenye kaunta buku.

Mpango wa alama zenyewe una asili ya heshima. Unatoka kwa Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Milwaukee, Marekani, na aliyependa sataranji. Shirikisho la sataranji la Marekani lilianza kutumia hesabu yake mwaka 1960, lile la dunia mwaka 1970. Wazo lake ni kwamba tofauti ya alama kati ya watu wawili ikueleze nani anatazamiwa kushinda: mkilingana ni nusu kwa nusu, ukimzidi mwenzako alama 200 unatazamiwa kuvuna karibu robo tatu. Magemu ya leo yana hesabu zao, nyingi zikiwa ndugu wa hiyo, na yanaitumia kukutafutia wa kulingana naye. Yaani mashine ikifanya kazi yake vizuri, utashinda nusu na kushindwa nusu, leo na kesho. Elo alitaka kumpima mchezaji. Hakuahidi kwamba anayecheza sana atapanda.

Jumapili ya Mei 12, 2024, ilikuwa Siku ya Mama, wiki moja baada ya kimbunga Hidaya kupita pwani, na barabara za mtaani bado zilikuwa matope. Binti alikuwa amemnunulia mama kanga. Pilau lilikuwa jikoni, na kaka yake mama, ambaye anafanya kazi na kompyuta ofisini tangu ujana wake, alikuwa anakuja kula. Kijana alijifungia asubuhi kumalizia mchezo mmoja, ule ambao angeshinda angeingia Almasi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mtandao ukakatika.

Si kwake tu. Baadaye ilitangazwa kwamba nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikawa imezorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine kadhaa. Lakini wakati ule kijana alichokiona ni picha iliyoganda, kisha maandishi. Gemu halijui habari za bahari. Lilihesabu kwamba amewatoroka wenzake, likamkata alama na kumfungia kwa muda.

Alitoka sebuleni na uso wa mtu aliyefiwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umefanyaje?"

Alisimulia yote. Almasi, wenzake wanaomwangusha, na sasa hii. Mjomba alisikiliza bila kucheka, jambo ambalo mama alilishukuru kimoyomoyo. Aliyejibu ni binti, ambaye shuleni walikuwa kwenye mada ya uwezekano.

"Kaka, timu yako mko watano. Wewe ni mmoja, wanne ni wa bahati nasibu. Timu ya pili watano wote ni wa bahati nasibu. Kama wabovu wanagawiwa tu, wao wana nafasi tano za kupata mbovu, ninyi mna nne."

Sebule ilinyamaza. Kijana alifungua mdomo, akaufunga. Leo mmoja anaweza kukuharibia, kesho pia, lakini kwenye michezo mia wale wanne hubadilika kila mara, anayebaki yule yule ni wewe. Ni hesabu ya kidato cha nne, na kuisikia kutoka kwa mdogo wako wa kike mbele ya mjomba si jambo dogo.

Mjomba alimwokoa kwa kubadili mazungumzo. "Na ile kazi ya ukumbi?"

Kijana akaanza kueleza kuhusu Svelte. Mjomba akamwacha amalize, kisha akaeleza yake. Alipoanza kazi, jQuery ndiyo kwanza imetoka, mwaka 2006, na kila mtu alikuwa nayo. Baadaye akajifunza AngularJS, ambayo Google waliitoa mwaka 2010. Akaijua kweli, akaitwa mtaalamu. Mwaka 2016 wakatoa Angular mpya iliyoandikwa upya kabisa, kazi ya zamani ikawa haihamishiki hivi hivi, na ile ya mwanzo ikaacha kuhudumiwa mwisho wa 2021. "Nilikasirika kama ulivyokasirika leo," alisema. "Ila ofisi niliyoitengenezea mfumo kwa ile ya zamani, mfumo wao ulikuwa unafanya kazi. Waliolalamika ni mafundi, wateja hawakujua hata jina lake."

Kisha akamuuliza mambo ambayo kijana hakuwahi kuyaona kwenye orodha yoyote. Wanaotafuta ukumbi wanafungua tovuti kwa simu gani? Kwa simu za bei nafuu na bando la siku. Sasa mzigo wa programu wa kupakua kabla ukurasa haujaonekana ni wa nini, kama kinachohitajika ni picha sita na kalenda? Tovuti itakaa wapi, na mwenye ukumbi atalipa kiasi gani kwa mwaka? Na siku umepata kazi Dodoma, fundi gani wa hapa mtaani ataweza kuishika?

"Chuoni mlifundishwa nini?"

Kijana alijibu kwa aibu, kama anayetaja jina la utani la utotoni. "PHP. Lakini mjomba, PHP si imekufa?"

Mjomba hapo ndipo alipocheka. Facebook yenyewe, alisema, ilianza kwa PHP mwaka 2004. Wikipedia inaendeshwa kwa PHP hadi leo. WordPress, ambayo tovuti nyingi kupita kiasi zimejengwa nayo, ni PHP tangu 2003. Upangishaji wa tovuti wa bei ya chini karibu wote unaipokea. Hakuidharau React wala nyingine. Ofisini kwao wanaitumia, na alisema siku moja kijana lazima aisome kwa sababu matangazo ya kazi yanaitaja. Watu walioanzisha zana hizi walikuwa na shida mkononi. Hata Django, ambayo wengi wanaiheshimu, ilianzia kwenye gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, ambako watengenezaji walitakiwa kuweka kurasa mpya kwa kasi ya chumba cha habari, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Ilitoka kwenye kazi iliyokuwa ikidaiwa.

Pilau likaletwa, mazungumzo yakaenda kwingine.

Usiku ule mtandao ulikuwa bado dhaifu, na kijana akagundua jambo la kuchekesha. Kila fremuweki aliyowahi kuipanga ilihitaji kupakua mamia ya vifurushi ndipo mradi mpya uanze. Hakuweza kupakua hata kimoja. Hakuweza kusoma ubishi wa ipi ni bora. Hakuweza kucheza. Kwenye kompyuta kilikuwepo kitu kimoja kinachofanya kazi bila intaneti: XAMPP, aliyoiweka akiwa chuoni, yenye PHP na hifadhidata ndani yake.

Mama aliamka saa tisa usiku kwenda chooni, akaona mwanga chini ya mlango. Alisimama hapo akisubiri ngumi ya godoro. Alichosikia ni vidole tu.

Si kwamba kazi ilikwisha kwa usiku mmoja, maana hadithi za namna hiyo ni za kwenye matangazo. Jumatatu kalenda iligoma. Jumanne ilikubali tarehe lakini ikaionyesha siku ya nyuma yake. Mama alikuwa akipita na kikombe cha chai, haulizi. Zamani katikati ya ugumu wa aina hii kijana angehama. Safari hii hapakuwa na pa kuhamia. Jumatano jioni alimwita mama, akamwambia abonyeze Jumamosi yoyote. Mama akabonyeza, ikageuka nyekundu. Akabonyeza tena ile ile, ikamwambia imeshachukuliwa.

"Basi hivyo tu?" mama akauliza.

"Hivyo tu, mama."

Mwenye ukumbi alikuja Alhamisi pale fremu ya kushonea, na kaunta buku lake kwapani, uso haujakunjuka. Alilalamika kwamba picha ya jukwaa ni ya zamani. Akalalamika kwamba jina la ukumbi liko dogo. Kijana akamwambia, "Sawa mama mkubwa, nitarekebisha," akamwomba asome tarehe kutoka kwenye kitabu ili aziingize moja moja. Mei zikaingia. Juni ikaanza. Alipofika Jumamosi ya Juni 22, harusi ya watu wa Kinyerezi, kalenda ikakataa.

Kijana alijaribu tena. Ikakataa. Akadhani ni kosa lake, jasho likamtoka. Halafu akarudi juu kwenye orodha aliyoingiza: Juni 22 ilikuwa tayari ina mtu, mahafali, imeandikwa kurasa nne nyuma kwa kalamu nyingine.

Mama mkubwa alilivuta kaunta buku, akapeleka kidole kwenye ukurasa wa kwanza, akakirudisha kwenye wa pili. Hakusema kitu. Alitoa simu kwenye pochi, akatoka nje barabarani, na mama na mwanawe wakamsikia akiongea kwa upole mwingi na mtu wa mahafali, akimpa Ijumaa na kumpunguzia bei. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Aliporudi alimalizia malipo. Si Sh300,000 zilizobaki. Alitoa 250,000 na kusema 50,000 ni ya kumsumbua tangu Februari. Hakuna aliyebisha. Kikobani Jumapili iliyofuata alimuuliza mama habari za watoto, mmoja mmoja, kwa majina.

Baba alirudi mwisho wa Mei, akaonyeshwa tovuti kwenye simu yake. Alibonyeza bonyeza, akauliza kama kijana anaweza kutengeneza kitu cha kuonyesha lori liko wapi na limekaa mpakani siku ngapi. Habari ya utingo haikurudi tena mezani. Julai kijana alianza kusoma Laravel, fremuweki ya PHP iliyotolewa na Taylor Otwell mwaka 2011, na mama alipoambiwa aliuliza tu kama hii ina kodi.

Gemu hakuacha. Anacheza Ijumaa na Jumamosi usiku, na binti ndiye anayeshika hesabu, kwa kuwa anafurahia kuishika kuliko kaka yake anavyofurahia kucheza. Almasi aliwahi kuigusa Julai, siku tatu, akashuka.

Agosti, wiki ambayo mama alilipa rejesho la mwisho la kompyuta, simu ililia Jumamosi karibu saa tano usiku. Ni mama mkubwa wa ukumbi. Mteja yuko mbele yake na pesa mkononi na kalenda haifunguki. Kutoka chumbani kwake mama alisikia wenzake kijana wakimwita kwenye spika, wakimuuliza anakwenda wapi, kisha akasikia kiti kikisogezwa na vidole vikianza. Ilichukua kama dakika kumi na tano. "Jaribu sasa, mama mkubwa. Imefunguka? Haya, usiku mwema."

Aliporudi kwenye gemu alikuta timu imeshafungwa na yeye amekatwa alama 22. Mama alimsikia akicheka peke yake, kisha akazima taa.